Umbali Haupimwi kwa Maili Peke Yake

Nataka kueleza maoni yangu juu ya jambo ambalo laonekana dogo, nalo ni hesabu ya umbali na saa za ndege baina ya kiwanja na kiwanja. Kila mwanafunzi aliyepita darasa la Jiografia amepata kuulizwa swali hili: "Kutoka mji fulani mpaka mji fulani ni kilomita ngapi, na ndege yenye mwendo fulani itafika baada ya saa ngapi?" Mwanafunzi huchukua rula, hupima ramani, hugawanya, akapata jibu, na mwalimu akamtilia alama ya vema. Siku hizi hata rula haihitajiwi, maana simu yatoa jibu kabla hujamaliza kuandika swali. Sisemi kwamba hesabu hiyo ni mbaya. Nasema haijakwisha. Na kwa sisi tuliozaliwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ile sehemu iliyobaki ya hesabu ndiyo yenye maisha yetu.

Tuanze kwa hesabu yenyewe, ili mtu asidhani naikimbia. Kiwanja cha ndege cha Mocímboa da Praia kipo kusini ya Ikweta kwa digrii 11 na dakika 22. Kiwanja cha Mtwara kipo digrii 10 na dakika 20. Tofauti yao ni dakika 62. Mabaharia wametuachia kanuni nzuri: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.85. Basi dakika 62 ni maili 62 za bahari, na hizo ni karibu kilomita 115. Viwanja hivyo viwili vimesimama karibu mstari mmoja, kimoja kaskazini ya kingine, kwa hiyo upande wa mashariki na magharibi hauongezi ila kilomita moja hivi. Ndege ndogo ya abiria kumi au kumi na wawili, yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ingemaliza njia hiyo kwa dakika 23. Tuongeze kupanda na kushuka, tuseme nusu saa.

Sasa tupime upande wa pili. Kutoka kiwanja hicho hicho cha Mocímboa da Praia mpaka Maputo, mji mkuu wa nchi, ni kama kilomita 1,815 kwa mstari ulionyoka. Mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 515. Mpaka Nairobi ni kama kilomita 1,180. Haya, mwanafunzi na atazame ramani: mtu wa Mocímboa da Praia yu karibu na Nairobi kuliko mji mkuu wake mwenyewe, tena kwa kilomita zaidi ya 600. Na mtu wa Palma, ambaye yuko kaskazini zaidi, yu umbali wa kilomita zisizofika 60 toka kiwanja cha Mtwara, na kilomita kama 1,880 toka kiwanja cha Maputo.

Hapo pana jambo la kuchekesha ambalo nimependa kulitoa kwa vijana kama chemshabongo. Ndege yaondoka Mtwara saa 4 kamili asubuhi. Yaruka nusu saa. Je! yafika Mocímboa da Praia saa ngapi? Wengi hujibu saa 4 na nusu. Jibu la kweli ni saa 3 na nusu! Abiria amefika kabla ya kuondoka. Sababu yake ni kwamba Tanzania yafuata saa iliyo mbele ya saa ya Greenwich kwa saa tatu, na Msumbiji yafuata ile iliyo mbele kwa saa mbili. Na wakati wa kurudi, abiria huyo huyo akiondoka Mocímboa da Praia saa 4, atafika Mtwara saa 5 na nusu, naye atadhani rubani alipotea njia.

Lakini jua halijui habari za serikali. Miji hii miwili ipo karibu digrii 40 mashariki, basi jua hufika utosini kwa wote karibu dakika ile ile moja. Kila digrii ya longitudo ni dakika nne za saa. Zidisha, utaona kwamba saa ya jua hapa imetangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 41 hivi. Kwa hiyo, tukichukua wastani wa mwaka, adhuhuri ya jua huangukia saa 6 na dakika 19 kwa saa ya Mtwara, na saa 5 na dakika 19 kwa saa ya Mocímboa da Praia. Saa tunayoifuata sisi wa kusini ya Ruvuma yakaa vizuri zaidi na jua la Maputo kuliko jua letu. Siilaumu serikali kwa hilo, kwa sababu nchi moja yafaa iwe na saa moja. Nalitaja ili tuone kwamba hata dakika za saa, ambazo twazidhania kuwa ni kitu cha mbinguni, zimewekwa na watu. Na kama dakika zimewekwa na watu, je, umbali?

Kwa maoni yangu kuna umbali wa namna tatu. Wa kwanza ni umbali wa ramani. Huo Mwenyezi Mungu ameuweka, wala hapana bunge liwezalo kuupunguza. Wa pili ni umbali wa ndege, yaani saa ambazo chombo kipo hewani. Huo ni kazi ya mafundi: injini ikiwa na nguvu saa hupungua, upepo ukiwa wa mbele saa huzidi. Wa tatu ni umbali wa msafiri, nao waanza pale mtu anapofunga mlango wa nyumba yake na kwisha pale anapopiga hodi nyumbani kwa watu anaowaendea. Ndani yake mna barabara ya kwenda kiwanjani, usiku wa kulala katika mji usio wako, foleni ya mihuri, ndege iliyokuacha, na fedha ulizokopa. Twafundishwa umbali wa kwanza na wa pili. Wa tatu hatufundishwi, na huo ndio tuishio nao.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Miaka michache iliyopita mjomba wangu alifariki Mtwara, ambako alikuwa ameoa na kufanya biashara ya samaki. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa akifanya kazi Maputo. Angeweza kupanda ndege mpaka Pemba, lakini kutoka Pemba kuja kaskazini ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na siku zile barabara hiyo haikuwa na amani. Basi akashauriwa azunguke. Alipanda ndege Maputo mpaka Johannesburg, kama kilomita 430. Toka Johannesburg mpaka Dar es Salaam, kama kilomita 2,440. Toka Dar es Salaam mpaka Mtwara, kama kilomita 400. Jumla ni kilomita 3,270, hali njia iliyonyoka toka Maputo mpaka Mtwara ni kama 1,910 tu, ambayo ndege kubwa ingeikata kwa muda usiofika saa tatu.

Ndege yake ya kwanza ilichelewa, na ile ya pili ikamwacha. Alitoka kwake Jumatatu alfajiri, akapiga hodi Mtwara Jumatano adhuhuri. Hizo ni saa 55. Tukihesabu saa alizokuwa hewani, hazikufika sita. Saa nyingine zote alikuwa chini, juu ya viti vya viwanja vya ndege na katika chumba cha wageni. Nanyi mwajua desturi ya kwetu pwani: maiti hangoji. Mjomba alizikwa Jumatatu ile ile baada ya alasiri. Ndugu yangu alikuta watu wanakunja mikeka ya matanga.

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya bahati mbaya, yampata kila msafiri." La, si bahati mbaya. Ni ramani ya njia za ndege, na ramani hiyo ina historia yake.

Zamani za majahazi, pwani hii haikuwa mwisho wa nchi yo yote. Palma yaangalia ghuba ya Tungi, na Tungi ilikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, mpaka Wareno walipoitwaa mwaka 1887. Toka Unguja mpaka Palma ni kama kilomita 525, yaani maili 283 za bahari. Jahazi likishika upepo wa kaskazi na kwenda maili sita kwa saa, hesabu yatoa saa 47. Lakini tuwe wakweli. Mkondo wa bahari utokao mashariki hufika karibu na rasi ya Cabo Delgado na kugawanyika, mkono mmoja ukaenda kaskazini kuelekea Tanzania na Kenya, mkono mwingine ukashuka kusini katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Basi nahodha ashukaye toka Unguja hupambana na ule mkono wa kaskazini, na pengine hutia nanga usiku. Tumpe siku tatu. Siku tatu za nahodha yule, na siku mbili na saa saba za ndugu yangu aliyepanda ndege tatu! Ama kweli maendeleo yametupita juu ya vichwa.

Na maneno hayo, kwamba yametupita juu ya vichwa, ni kweli kama yalivyo. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari za ndege za majini, zile zilizotua baharini kama bata, toka Southampton mpaka Durban. Katika pwani yetu zilitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha zikaruka mpaka Lumbo, mkabala wa Kisiwa cha Msumbiji, na kuendelea Beira, Lourenço Marques na Durban. Kati ya Lindi na Lumbo ni kama kilomita 570, na katikati ya kilomita hizo ndipo ilipo pwani yetu yote: Palma, Mocímboa da Praia, Ibo na Pemba, ambayo wakati ule iliitwa Porto Amélia. Ndege zilipita. Hazikutua. Upande wa Wareno shirika la DETA liliundwa mwaka 1936, makao yake yakiwa Lourenço Marques, na ndilo lililogeuzwa LAM mwaka 1980. Upande wa Waingereza shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, makao yake yakiwa Nairobi. Kila shirika lilitandaza njia zake kama buibui, toka kati kwenda pembeni. Sisi tulikuwa pembeni ya buibui wote wawili. Na nyuzi za pembeni hazikutani.

Mpaka wenyewe tunaouheshimu hauna umri mkubwa. Wajerumani na Wareno walipatana mwaka 1886 kwamba mto Ruvuma uwe mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakachukua Kionga, kusini ya mdomo wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaichukua tena, na baada ya Vita Kuu wakapewa rasmi. Katika miaka hiyo yote mzee wa Kionga hakuhama hata hatua moja, ila umbali wake toka soko, toka mahakama na toka ndugu zake ulibadilishwa mara tatu na watu ambao hawakupata kumwona.

Nyakati zilizofuata zilituonyesha pia kwamba watu waweza kuufupisha umbali wakitaka. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, wala haikuundwa huko kwa sababu ya hewa nzuri. Ilikuwa ni mji wenye uhuru ulio karibu. Vita vya ukombozi vilipoanza Cabo Delgado mwezi Septemba 1964, watu na vitu vilipita Ruvuma usiku na mchana, bila kiwanja, bila tikiti. Na tarehe 12 Mei 2010 Marais Kikwete na Guebuza walifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, kati ya Mtambaswala na Negomano. Ni kazi kubwa, na yastahili sifa. Lakini daraja hilo lipo mbali bara, zaidi ya kilomita 150 toka baharini. Mtu wa pwani atakaye kuvuka kwa daraja hana budi kwanza kulipa mgongo bahari. Karibu na pwani njia ya magari ilikuwa pantoni ya Kilambo, nayo ilingoja maji yajae ndipo ivuke.

Sasa tutazame ulimwengu mkubwa, maana tusipolinganisha hatutaona. Njia ndefu kuliko zote za ndege za abiria zinazokwenda bila kutua, katika miaka hii, ni ile ya Singapore na New York, zaidi ya kilomita 15,300. Ndege huwa hewani saa 18 au zaidi, na rubani huchagua njia kwa kufuata pepo kali za juu zivumazo toka magharibi kwenda mashariki. Ni ajabu ya mafundi, nami naistaajabia kama kijana mwingine ye yote. Lakini fikirini: mtu wa Singapore aweza kula chakula cha usiku kwake, akazunguka karibu nusu ya dunia, akapiga hodi New York kabla mtu wa Maputo hajafika nusu ya safari yake ya kuzika Mtwara. Kwa umbali wa ramani Singapore na New York ziko mbali mara nane. Kwa umbali wa msafiri, ziko karibu zaidi. Basi nani aliye jirani, na nani aliye mbali?

Nisingeandika haya kama jambo lingekuwa la matanga peke yake. Tumeona katika miaka hii kwamba umbali wa msafiri waweza kuua. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu kaskazini ya Pemba. Ibo, ambayo kwa ramani ni kilomita chache tu toka bara, ilikuwa mbali kwa siku kadhaa kama kisiwa cha katikati ya bahari, na chakula kililetwa kwa helikopta. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita viliingia Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 mji ukatekwa. Mwezi Agosti 2021 ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Toka Palma mpaka kiwanja cha Pemba ni kama kilomita 245, mwendo wa ndege ndogo usiofika saa moja. Baadhi ya watu waliokolewa kwa ndege, wengine kwa meli. Lakini wengi zaidi walikwenda kwa miguu siku nyingi porini, kuelekea Nangade na Mueda, watoto mgongoni. Na wako waliovuka Ruvuma kwa mitumbwi kutafuta usalama kwa ndugu zao, kisha wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mbali kabisa na kwao. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilieleza mwaka ule kwamba idadi yao ilikuwa maelfu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka alikuwa Palma. Fimbo zilikuwa Maputo na kwingineko, na iliyokuwa karibu, ng'ambo ya mto, haikuwa na njia ya kawaida ya kufika. Nasema njia ya kawaida kwa makusudi. Siku ya taabu mtu hutumia njia aliyoizoea siku za raha. Kama hapana rubani aliyezoea kutua, hapana karani aliyezoea kupiga muhuri, hapana daftari lenye majina ya abiria wa juma lililopita, basi siku ya moto kila kitu huanzishwa upya, na moto haungoji.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu. Iwepo ndege ndogo ya abiria, mara mbili kwa juma, itokayo Mtwara, itue Mocímboa da Praia, iende mpaka Pemba na kurudi. Toka Mtwara mpaka Pemba kwa njia hiyo ni kama kilomita 300. Ni safari ambayo rubani aweza kuimaliza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri, akitumia saa ya Tanzania au ya Msumbiji, apendavyo. Na katika kila kiwanja wawepo makarani wa uhamiaji na wa forodha siku hizo mbili. Sijaona ratiba yenye ndege ya namna hiyo. Miaka iliyopita LAM ilipata kuruka kati ya Dar es Salaam na Pemba, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini hata hiyo ilipita juu yetu.

Najua majibu yatakayotolewa, nami nitayachukua moja moja.

La kwanza litakuwa la fedha. "Ndege ndogo ya njia fupi haina faida. Mafuta mengi huliwa katika kupanda, na katika njia fupi ndege haikai juu muda wa kutosha kuyarudisha." Hiyo ni kweli, na mwanafunzi wa Fizikia atakubali. Lakini barabara nayo haina faida kwa aliyeijenga, wala mnara wa taa ulioko baharini hauuzi tikiti. Huwekwa kwa sababu bila wao gharama ni kubwa zaidi, ila hulipwa na watu wasioandikwa katika daftari. Saa 55 za ndugu yangu zililipwa na nani?

La pili litakuwa la usalama. "Mahali penye vita hapafunguliwi njia." Hili ni jibu zito, nami silipuuzi. Sitaki abiria apelekwe mahali ambapo askari mwenyewe haendi. Kiwanja kikiwa hakina amani ndege isitue, iende Pemba moja kwa moja. Lakini mahali palipofungwa kwa miaka hapapati amani kwa kufungwa. Kijana aonaye kwamba njia zote za halali zimezibwa, atasikiliza wale wamwambiao habari za njia nyingine.

La tatu, ambalo kwangu ni gumu kuliko yote, litatoka kwa watu wetu wenyewe. "Mvuvi wa Palma atapata wapi nauli ya ndege?" Ni kweli, wengi hawataipata. Kwa wengi, boti imara na pantoni nzuri zitafaa kuliko ndege, na kama serikali zetu zina fedha za kitu kimoja tu, basi na waanze na boti. Lakini ndege hubeba pia dawa ya baridi, na daktari, na mama aliyeshindwa kujifungua, na barua ya mahakama, na mwalimu anayeogopa kukubali kazi mahali ambapo hawezi kutoka. Mvuvi hatapanda ndege hiyo kila mwezi. Labda ataipanda mara moja tu katika maisha yake, akiwa amelala. Mara hiyo moja yatosha.

Sasa niwageukie ninyi mnaosoma gazeti hili, kwa kuwa si vema kuwaagiza wakubwa na kujisahau wenyewe. Ninyi wanafunzi nawaomba jambo moja. Siku mwalimu atakapowapa swali la umbali wa viwanja viwili, jibuni kama alivyouliza, mpate alama zenu. Kisha pigeni mistari katika daftari, mfanye safu tatu. Safu ya kwanza andikeni kilomita. Ya pili andikeni saa za hewani. Ya tatu andikeni saa toka kufunga mlango mpaka kupiga hodi, na chini yake fedha zilizotumika. Waulizeni wazazi, waulizeni wafanya biashara, waulizeni wauguzi. Mtaona kwamba safu ya kwanza haibadiliki, ya pili hubadilika kidogo, na ya tatu ndiyo yenye habari zote. Atakayejua kusoma safu ya tatu atajua jinsi nchi inavyotawaliwa.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, wengi wenu sasa mko maofisini, bandarini, benki, katika afisi za viwanja vya ndege, Mtwara, Dar es Salaam, Pemba, Maputo, na wengine Maskati na Ulaya. Ninyi ndio mnaokaa mezani ratiba zinapopangwa. Mtu wa kati aonapo ramani huona pembeni kama mwisho wa karatasi. Ninyi mwajua kwamba pale karatasi inapokwisha watu wanaendelea kuishi, tena wana shangazi ng'ambo. Semeni hivyo, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika. Na kila mmoja wenu aliyesafiri kuja kwetu kaskazini au kutoka kwetu, na amletee Mhariri safu zake tatu: kilomita, saa za hewani, saa za hodi. Tukipata za watu hamsini tutakuwa na jedwali ambalo halimo katika atlasi yo yote, na tutaweza kulipeleka Mtwara na Pemba kwa wakubwa wa pande zote mbili wakalisome.

Mimi natanguliza zangu, za safari ya mwisho toka Palma mpaka Mtwara, kwa gari, mtumbwi na gari tena, nikikatisha mto kwa maji yaliyojaa nusu. Kilomita za ramani, 57. Saa za hewani, hapana. Saa za hodi, 11.